Mteja Anauliza: Leo Kuna Nini?

Ukifika nyumbani kwa shangazi yangu, Bagamoyo, utakuta banda la kuku lenye paa la turubai zito linalong'aa. Lile si turubai la kawaida. Ni bango la matangazo. Upande wenye maandishi umegeuzwa ndani, kwa hiyo kuku peke yao ndio wanaosoma "KARIBU TULE BAHARI" na kuitazama picha ya changu aliyelazwa juu ya saladi. Bango lile lilinunuliwa kwa hela ya kikoba, na aliyemshauri shangazi alinunue ni mimi.

Nimeanza na hilo ili mjue anayeandika hapa si mtaalamu wa masoko. Nasoma ualimu. Ila siku hizi hapa chuoni kila mtu ni mtaalamu wa masoko, hata sisi wa ualimu. Kaa kantini dakika kumi tu, utasikia mtu anampa ushauri mwenzake mwenye dada anayesuka au mjomba mwenye bucha: fungua ukurasa, tafuta nembo nzuri, mlipe mtu mwenye wafuasi wengi aje ale na kusifia, toa ofa. Wanaosoma biashara wanaongeza lugha ya darasani, bidhaa, bei, mahali, promosheni, na kazi inafungwa, inapelekwa kwa mhadhiri, inapata B+. Sijui kama kuna mama lishe hata mmoja aliyewahi kurudishiwa hiyo kazi aisome.

Mimi niliipeleka kwa mama lishe wa kweli. Matokeo yake ndiyo haya.

Shangazi ni mama karanga, kama wanavyoitwa wanawake wanaokaanga samaki sokoni. Asubuhi anangoja vyombo virudi, ananunua mnadani, anapara, anakaanga, anauza mpaka jua linazama. Sare zangu za shule, daftari na nauli vimetoka kwenye karai lile. Likizo ndefu baada ya mwaka wa pili nilikuwa nyumbani, mfukoni sina kitu, boom limeshakuwa historia, kichwani nimejaa mawazo. Nikamwona siku mbili tatu anarudi na sinia lenye samaki nusu. Nikamwambia, "Shangazi, tatizo lako hujulikani."

Akanijibu, "Nisijulikane mimi? Hapa sokoni miaka kumi na tisa?"

Nikamweleza habari za watu wa Dar. Bagamoyo ipo kilomita 70 hivi kutoka mjini, barabara ni lami, watu wanakuja wikiendi kupunga upepo na kuangalia magofu ya Kaole. Hao ndio tuwavute. Shangazi akakopa kikoba laki moja: bango 45,000, fulana mbili zenye nembo 30,000, na 25,000 za kulipia posti isambae. Mimi nikafungua ukurasa wa Instagram. Baada ya wiki mbili tulikuwa na wafuasi 600, nusu yao ninyi wenzangu wa darasani, asanteni. Nikatangaza Jumamosi ya Dagaa: dagaa wabichi wa kukaanga kwa ugali, shilingi 4,000, juisi bure kwa watu thelathini wa kwanza. Ilikuwa mwezi wa nane.

Siku tatu kabla, shangazi akauliza huku anachochea moto, "Mwalimu, hiyo Jumamosi si mwezi mpevu?"

Nikasema ndiyo shangazi, na itapendeza kweli, watu watakaa ufukweni mpaka usiku. Akanitazama, akanyamaza. Nikadhani ameridhika.

Kwa ambao hamkukulia pwani, ngoja nieleze alichokuwa ananiambia. Dagaa wa baharini huvuliwa usiku kwa taa. Chombo kinakaa gizani, taa inawashwa, dagaa wanaifuata mpaka chini ya chombo, ndipo wavu unawazunguka. Mbalamwezi ikiwa kali, bahari nzima ina mwanga na taa ya mvuvi haina tena mvuto. Kwa hiyo siku za katikati ya mwezi vyombo vingi vya dagaa vinapumzika, watu wanashona nyavu na kulala. Juu ya hilo, mwezi wa nane ni msimu wa kusi. Upepo unavuma kutoka kusini kwa nguvu, na kuna siku ngalawa na mitumbwi haitoki kabisa.

Sasa linaloniuma ni kwamba haya yote niliyajua. Nimezaliwa pale. Tangu nikiwa darasa la tatu najua kwamba giza ni dagaa na mbalamwezi ni njaa. Lakini nilipokaa kupanga "mkakati" sikuyakumbuka hata kidogo, kama vile maarifa ya nyumbani na maarifa ya chuo yamewekwa kwenye makabati mawili tofauti na mimi nina ufunguo wa moja tu. Shangazi alinikumbusha kwa swali, kwa heshima, asinivunje moyo mbele ya wenzake. Mimi mwalimu mtarajiwa sikulisikia swali.

Jumamosi ikafika. Watu 26 walikuja, wengine wameteremka daladala na watoto. Dagaa hakuna. Shangazi hakutaka aibu, akaenda kwa mtu mwenye friza akanunua samaki wa barafu kwa bei ya kuumiza, akawauzia wageni kwa ile ile 4,000 kwa sababu ndiyo iliyotangazwa. Kuna waliokula wakanuna, kuna walioondoka. Jioni akahesabu, hasara 52,000, na juisi juu. Usiku mtu akaandika kwenye ukurasa wetu, "Matangazo mengi, samaki wa friza." Sikuwa na la kumjibu maana alisema kweli.

Halafu kuna hili. Hatua ishirini kutoka kwa shangazi anakaa bibi mmoja anayeuza supu ya pweza. Siku ile sufuria lake lilijaa. Mwezi mpevu unaleta bamvua, maji yanakupwa mbali sana, miamba inabaki wazi, na watu wanatembea kwa miguu kuchokoa pweza kwenye mashimo yao. Yaani siku ile ile ambayo bahari haina dagaa ndiyo bahari ina pweza. Wageni wangu walipita mbele ya sufuria lile, wengine wakiuliza dagaa wako wapi, kwa sababu mimi niliwaahidi dagaa. Kama ningeandika "Jumamosi ya Pweza" nadhani nisingekuwa na makala ya kuandika leo.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kwa nini samaki walikuwa wanabaki nusu sinia. Nimeuliza watu sokoni, nimeuliza madereva, nimeuliza walimu wa shule ya jirani. Hakuna hata mmoja aliyesema hamjui shangazi. Wote wanamjua. Walichosema ni hiki: nikitoka kazini mpaka sokoni ni mwendo, nikifika labda nakuta kuna samaki ninaowataka, labda hakuna, labda bei imepanda, bora ninunue chipsi mayai hapa hapa. Mtu wa Dar naye anasema vilevile kwa maneno mengine: nitatumia nauli, nitafika, sijui nitakuta nini, na nikionekana mgeni nitatajiwa bei ya mgeni.

Hapo ndipo nilipo, na nitabishana na mtu yeyote kuhusu hili. Biashara ndogo ya pwani kwa kawaida inajulikana vya kutosha. Inachokosa ni jibu la swali ambalo mteja analo kabla hajanyanyua mguu: leo kuna nini, na ni shilingi ngapi? Duka la sabuni halina shida hiyo, sabuni ipo Jumatatu na ipo Ijumaa. Samaki anategemea upepo, mwezi na maji. Tangazo lolote linalosema "karibuni, tupo kila siku, tuna kila kitu" ni uongo kwa mtu anayeuza vitu vya baharini, na mteja akishadanganywa mara moja harudi.

Kwa hiyo tulianza upya, safari hii shangazi akiwa mbele. Nikachukua kipande cha plaiwudi, nikakipaka rangi nyeusi ya ubaoni, nikanunua chaki. Hizo ni zana za kufundishia ninazozijua. Kila asubuhi akirudi mnadani anaandika: LEO VIBUWA 2,000. NGISI 3,000 FUNGU. PWEZA ULIZA KWA BIBI. Siku ya kwanza nilinyanyua mkono nifute ile W ya "vibuwa". Akanishika mkono, akasema hapa si darasani. Imebaki hivyo hivyo, na kuna wateja wanaoagiza "vibuwa" kwa kumtania.

Mnamo saa nne anapiga picha ubao, anauweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Basi. Stetasi haigharimu kitu zaidi ya bando dogo, ila ina sharti moja: anayeiona ni yule tu mliyehifadhiana namba. Ndiyo maana akiuza samaki anamwambia mteja, "Niseve basi, na wewe nikuseve." Tulianza na namba 41. Madereva wa daladala, bodaboda, manesi, walimu, watumishi wa halmashauri, fundi mmoja wa majokofu anayekula sana. Hakuna mtalii hata mmoja. Lakini mtu wa ofisini akiona saa nne kwamba leo kuna ngisi, saa tano anaandika "niwekee fungu mbili, nakuja saa saba." Samaki ameuzwa kabla hajaingia kwenye karai. Mtaniambia hiyo si masoko, ni mazoea ya mtaani. Sawa, iteni mnavyotaka, sinia linarudi tupu.

Siku ambayo hakuna kitu anaandika LEO HAKUNA. Mimi nilipinga. Nilisoma mahali kwamba usiposti kitu kibaya kuhusu biashara yako. Shangazi akasema, mtu akija akakosa atanitukana moyoni, nikimwambia mapema atanishukuru. Na kweli, siku za LEO HAKUNA ndizo anazopata ujumbe mwingi zaidi: pole mama, kesho je? Hapo anapata nafasi ya kujibu kuhusu kesho, na kesho ya baharini yeye anaijua kuliko programu yoyote ya simu.

Baadaye nilimtengenezea kitu ambacho wenzangu wa ualimu mtacheka. Azimio la kazi. Kabisa, lenye safu, kama lile tunalopeleka kwa mwalimu wa taaluma wakati wa mazoezi ya kufundisha. Juma la kwanza, giza: dagaa wengi, nunua zaidi, kausha wa akiba. Juma la pili, mwezi unakua: maji mafu, samaki wa nyavu na mishipi, usiahidi mtu kitu. Juma la tatu, mwezi mpevu: bamvua, pweza, shirikiana na bibi, dagaa wakavu wa nazi badala ya wabichi. Pembeni nikaandika misimu, kaskazi hapa, kusi hapa, masika hapa, na mwezi wa Ramadhani ambapo mchana huuzi lakini jioni wanagombania. Shangazi aliisoma yote, akasahihisha sehemu nne. Hakujifunza kitu kipya kwenye karatasi ile, niseme ukweli. Mwanafunzi nilikuwa mimi. Ila karatasi imemsaidia kwa jambo moja: mtu akimpigia kuweka oda ya wiki mbili mbele, anaangalia ukutani na kujibu bila kukisia.

Kuhusu bei sina mengi. Andika bei. Ukiandika ubaoni, yule kijana anayejifanya kumleta mgeni ili apewe chochote anakosa pa kupenyeza mkono, na mgeni anatulia. Weka na Lipa Namba pale mbele, ionekane, maana vijana wa siku hizi hawatembei na noti. Baadhi ya majirani wa shangazi walikataa kuandika bei, wakisema mgeni mwenye hela alipe zaidi. Naelewa. Lakini huyo mgeni wa kulipa zaidi anakuja mara moja kwa mwaka, na fundi wa majokofu anakuja mara tatu kwa wiki.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona sisi wa ualimu tungeliona mapema kuliko wote, na hatukuliona.

Bagamoyo ina wageni wengi ambao hakuna mtu anayewahesabu kama wateja: wanafunzi. Basi zima la shule linakuja na watoto waone kule ambako misafara kutoka bara ilikuwa inaishia, waone boma la Wajerumani waliofanya mji huu makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891, waone misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868, na mnara wa kanisa ambako mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Ni somo la Historia linalotembea. Na hawa watoto wanakula nini? Wanakula wali waliobebewa kutoka Dar tangu alfajiri, umepoa, wamekaa chini ya mnazi wakitazama bahari, mita mia mbili kutoka kwa wanawake wanaokaanga samaki. Wakimaliza wananunua soda kumi na wanapanda basi.

Mwaka wangu wa kwanza wa mazoezi ya kufundisha nilikuwa ndani ya basi kama hilo. Nilibeba sufuria mimi mwenyewe, kuelekea mji niliozaliwa, na sikuona ajabu yoyote. Baada ya mkasa wa bango ndipo nikampigia mwalimu aliyesimamia safari ile. Nikamwuliza kwa nini hatukununua chakula kule. Akasema, "Mwanangu, ningempigia nani? Na angeniambia bei gani?" Bajeti ya chakula alikuwa nayo, 3,500 kwa kichwa. Alichohitaji ni mtu wa kumpa bei moja isiyobadilika, sehemu safi ya kunawa na choo, chakula kiwe tayari saa saba kamili kwa sababu basi la kukodi halingoji, na karatasi ya kumpelekea mhasibu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji Instagram.

Mwezi wa kumi walikuja. Wanafunzi 64 na walimu wanne, jumla 238,000. Shangazi peke yake asingeweza, kwa hiyo waligawana wanawake watatu: yeye samaki, jirani mmoja wali na maharage, mwingine juisi ya ukwaju. Kwenye makubaliano hatukuandika "changu" wala "dagaa", tuliandika "samaki wa siku", na siku ile bahari ilitoa vibua. Stakabadhi ilikatwa kwenye kile kitabu chenye karatasi ya nakala. Vyoo tuliomba kwenye msikiti wa karibu, na mchango kidogo ukaachwa pale. Sitaki mtu adhani mambo yalikuwa asali. Wakati wa kugawana, wa wali alisema mkaa wake umekwenda mwingi kuliko wa mwenye juisi ambaye hakuwasha hata moto, na hawakusemeshana kama wiki. Shule ya pili iliahirisha usiku wa kuamkia safari, mchele umeshachambuliwa. Sasa wanadai nusu mapema, na anayesumbua kutoa nusu wanamwachia.

Nimeshasikia pingamizi. Rafiki yangu mmoja wa biashara aliniambia kwamba nawafungia akina mama kwenye udogo, kwamba Zanzibar wamefika mbali kwa sababu walijitangaza kwa dunia. Ni kweli, na sina ugomvi na hilo. Kule Paje kuna wanawake wanaotengeneza sabuni ya mwani, na sabuni ile inapanda ndege kwenye sanduku la mtalii. Mahoteli nayo yasipojitangaza nje yatalala njaa. Na hapa kwetu, Mlingotini, kijiji cha jirani tu, kuna wanawake wanaolima mwani, nao wangeweza kusaidiwa kwa njia hiyo hiyo. Lakini angalieni bidhaa yenyewe. Sabuni inakaa kabatini miezi ikimngoja mnunuzi wa mbali. Chumba cha hoteli kinapokea oda miezi mitatu kabla. Kibua aliyekaangwa ana mpaka jioni. Huwezi kumtafutia mteja aliyeko Italia, wala hata aliyeko Mbagala kama hana habari mpaka kesho. Anamhitaji mtu aliye umbali wa nusu saa, mwenye njaa, mwenye habari za leo. Kwa hiyo kabla hujamwambia mtu afungue ukurasa, muulize kwanza bidhaa yake inaweza kungoja muda gani. Nasikitika kwamba swali hilo rahisi sikulikuta kwenye ile kazi yangu ya kuigiza.

Na kuna aina moja ya matangazo ambayo naiombea ife. Vijana wanakuja na simu nzuri, wanamwambia mama wa watu "tunakutengenezea kontenti", wanakula sahani nne bure, wanacheka na kamera, wanaondoka. Shangazi alishawapokea wawili kama hao. Walimwahidi video. Video ilitoka, kumbe ni ya nguo walizovaa.

Tunarudi likizo karibuni. Wengi wetu tuna mtu nyumbani anayeuza kitu, Tanga, Kilwa, Mtwara, Pangani, Mafia. Simwambii mtu asimsaidie. Namwambia akae sokoni wiki nzima bila kutoa wazo lolote, aandike tu kwenye daftari: siku hii kilikuwepo nini, kilibaki nini, nani alikuja akakosa, nani aliuliza bei akaondoka. Daftari la wiki moja litamwambia kama kinachohitajika ni ubao, au namba za simu, au mwamvuli wa kivuli, au hakihitajiki kitu. Inachosha na haipendezi kwenye picha. Mimi ningefanya hivyo, kikoba kisingedai laki na kumi.

Lakini pia tusijifanye sisi ni washauri tu, sisi ni wateja. Kila mwaka vyama vyetu hapa chuoni vinafanya safari ya ufukweni. Mwaka jana nilikuwepo kwenye moja. Tulikodi wapishi kutoka mjini kwa hela ambayo sitaitaja kwa sababu mweka hazina ni rafiki yangu, wakatuletea kuku na chipsi mpaka pwani, vimelegea. Kuku! Ufukweni! Wenyeji walikuwa wanatutazama. Kama kamati ingepiga simu mbili tatu wiki moja kabla, tungekula vizuri kwa bei nafuu, na hela ingebaki pale tulipokwenda kuchafua mchanga.

Safari ya idara yetu ni Jumamosi ya wiki mbili zijazo, kamati imeshatangaza, ila chakula bado hakijaamuliwa. Nimeangalia azimio la ukutani kwa shangazi, nikampigia pia kuhakikisha. Ni giza, kusi haijaanza. Amesema dagaa watakuwepo, ila bei atasema Ijumaa asubuhi akishaona mnada, na anataka nusu mapema. Namba yake ninayo, anayeitaka anitafute kabla ya Jumatano.